Picha za tingatinga si michoro ya kale

Kuna ujumbe unaozunguka tena na tena kwenye magrupu, ukidai kwamba picha za tingatinga, mtindo wa uchoraji wa Tanzania, zina umri wa karne nyingi na wachoraji wake huoteshwa ndotoni cha kuchora. Sivyo. Mtindo huu ulianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa mchoraji aliyejifunza mwenyewe, akipaka rangi ya baiskeli kwenye hadibodi. Alichora wanyama, ndege na maisha ya kijijini. Ndugu zake wakajifunza kwa kukaa kando yake. Itazame picha kwa karibu: mng'ao ule ni wa rangi ya kopo, ya kiwandani. Wanaodhani ni picha za kale wameponzwa na simulizi za kuwauzia watalii (biashara ina maneno yake). Ukiupokea ujumbe huo, usiusambaze.