"Mimi" wa hadithini si mwandishi

Hadithi fupi ikisimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na sauti yake ikashika, wasomaji huanza kumpa mwandishi pole: "Jamani, ulipitia makubwa!" Wengine humlaumu kwa dhambi za mhusika. Huamini kwamba sauti ya kweli kiasi hicho lazima itoke kwenye maisha ya aliyeiandika.

Sivyo. Mwaka 1843 mwandishi Mmarekani Edgar Allan Poe alichapisha "The Tell-Tale Heart", hadithi ya muuaji anayejieleza mwenyewe. Poe hakuua mtu. Sauti ile ni ufundi mtupu: msimulizi anasisitiza kwamba hana wazimu, anajisifu kwa uangalifu wake, na maneno yanajirudia kadiri hofu inavyopanda. Kila anapojitetea ndipo tunapozidi kumshuku, na hilo ndilo alilokusudia mwandishi.

Karibu na kwetu kuna riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ya 1974. Hapo mtego ni mkubwa zaidi, kwa kuwa msimulizi, Kazimoto, ni msomi wa kisiwa cha Ukerewe kama Kezilahabi mwenyewe. Lakini Kazimoto anajiua. Kezilahabi aliendelea kufundisha na kuandika, akafariki 2020.

Ni kweli waandishi huchota kwenye maisha yao, tena sana. Ila kukopa kisiwa ulichozaliwa si kukiri kwamba yaliyomkuta mhusika yalikukuta wewe. Badala ya kumpa pole, mimi ningemuuliza Kezilahabi kwa nini Kazimoto anayasema haya na kuyanyamazia yale.