Ndengu zinazoelea na chembe zinazojipanga zenyewe

Ukiosha ndengu kwenye beseni, zile zilizotobolewa na wadudu huelea. Kabla hujazikumba kwa kiganja uzitupe, ziache kidogo uziangalie. Mbili zilizoachana kwa upana wa kidole zinaanza kusogeleana, polepole mno mwanzoni. Zikibakiza milimita chache zinaharakisha, kisha zinanasana ghafla. Ya tatu inafika na kukaa palepale kwenye kipembe kati ya zile mbili. Baada ya dakika chache una kijisiwa cha ndengu katikati, na nyingine zimejibandika ukingoni mwa beseni.

Kazi yangu, katika maabara moja hapa Nairobi, ni kufanya chembe ndogo kuliko vumbi zijipange vivyo hivyo. Wageni huuliza ninatumia sumaku gani. Hakuna sumaku wala umeme, na ndengu hazivutani zenyewe kwa zenyewe. Kinachozisukuma ni umbo la uso wa maji.

Molekuli ya maji iliyo ndani ya beseni huvutwa na wenzake kutoka kila upande. Iliyo juu kabisa imepakana na hewa, haina wenzake wa upande huo, kwa hiyo uso wote wa maji hujibana uwe mdogo kadiri unavyoweza. Huo ndio mkazo wa uso. Kwa maji safi ya nyuzijoto 25, mkazo huo ni kama milinyutoni 72 kwa kila mita. Chora mstari wa sentimita moja juu ya maji: uso unauvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa punje moja ya ndengu. Kwetu sisi hiyo si kitu. Kwa ndengu ni nguvu inayolingana na uzito wake wote.

Sasa tazama kwa karibu pale maji yanapoigusa punje inayoelea. Maji yanapanda kidogo ubavuni mwake, yanatengeneza kilima kidogo kuizunguka. Punje ya pili ikikaribia inakuta uso umeinama kuelekea juu, na kwa kuwa kitu chepesi majini hutafuta kupanda kama povu, inapanda kilima cha mwenzake. Pini ya chuma iliyolazwa juu ya maji kwa uangalifu hufanya kinyume: inabonyeza uso na kufanya bonde, na pini ya pili inateremka humo. Matokeo ni yale yale, zinakutana. Lakini kitu chenye kilima na kitu chenye bonde husukumana. Mwaka 2005 Dominic Vella na L. Mahadevan walieleza hesabu yake kwa uzuri katika jarida la American Journal of Physics, wakianzia na vipande vya nafaka vinavyokusanyika kwenye bakuli la maziwa asubuhi.

Mtu asiyeamini nampa glasi ya maji na kipunje cha stairofomu. Glasi ikiwa haijajaa, maji hupanda kwenye ukuta wake na kipunje hukimbilia ukingoni. Ongeza maji taratibu mpaka yavimbe juu ya mdomo wa glasi bila kumwagika. Sasa sehemu ya juu kabisa ni katikati, na kipunje kinauacha ukingo na kurudi huko. Chombo kiwe kimesuuzwa vizuri, tafadhali. Sabuni inaweza kuushusha mkazo wa uso hadi chini ya nusu, na niliwahi kupoteza kipindi kizima cha wanafunzi kwa sababu ya beseni lenye mabaki ya sabuni.

Mbu nao wamo humu. Culex hutaga mayai yaliyoshikamana kama chelezo. Anopheles, anayetuambukiza malaria, hutaga moja moja, kila yai likiwa na maboya mawili ubavuni. Kisha uso wa maji unayakusanya mayai hayo yagusane na kupangika.

Kwangu mimi ugumu unaanza chembe zinapokuwa ndogo. Kilima kinatokana na wepesi wa chembe, na bonde linatokana na uzito wake, na vyote viwili hupungua haraka sana. Ukikata kipenyo nusu, nishati ya kuvutana inapungua mara 64. Chini ya maikromita 10 hivi, yaani sehemu ya mia ya milimita, mitikisiko ya kawaida ya molekuli za maji inaishinda, na chembe zinatangatanga kama haziko pamoja.

Njia ya kutoka hapo ni kuacha maji yakauke. Tandaza tone lenye chembe juu ya kioo. Maji yanapopungua mpaka yakawa membamba kuliko chembe zenyewe, kila moja huchomoza kichwa, na maji hulazimika kupanda ubavuni mwake kwa sababu imekaa juu ya kioo. Uzito hauhesabiki tena. Nguvu hii hufanya kazi hata kwa chembe za nanomita, yaani sehemu ya elfu ya maikromita. Mwaka 1992 Denkov, Nagayama na wenzao, kundi la Wabulgaria na Wajapani, walionyesha pia kwamba mahali chembe zilipokwisha kushikana maji hukauka na kuvuta maji mengine kutoka pembeni, na maji hayo huja na chembe mpya. Safu inajijenga yenyewe, kila chembe na majirani sita, kama sega la nyuki.

Chembe zangu ni vigololi vya polistirini, aina ya plastiki, vya maikromita moja hivi. Tone lenyewe ni jeupe kama maziwa. Likikauka vizuri, ukikinga kioo dirishani na kukiinamisha, kijani kinateleza na kuwa chekundu, bila tone la rangi ndani yake: ni mpangilio tu unaotawanya mwanga. Nisichokipenda ni mistari myembamba ya nyufa, ambayo kwangu hutokea kioo kikikauka haraka, hasa Januari na Februari jua linapokuwa kali. Sasa nakifunika kwa bakuli lililoinuliwa kidogo upande mmoja. Kukauka kunachukua mchana mzima, na safu ya jana ilifunika eneo la kucha ya kidole gumba bila ufa hata mmoja.