Tufe jipya halipimwi kwa straiki

Jumanne asubuhi, kabla ukumbi wetu wa bouling haujafunguliwa, nilizima ubao wa matokeo ulio juu ya leni ya 7 na ya 8. Mashine inayopaka mafuta leni, yaani njia ambazo tufe hupita kufikia pini, ilikuwa imetoka kupita. Mkononi nilikuwa na tufe jipya la ratili 15, karibu kilo 6.8, nililolitoboa matundu ya vidole usiku wa kuamkia siku hiyo katika karakana yangu iliyo pembeni ya ukumbi huu, hapa Michigan. Ubao huo nauzima kila ninapojaribu tufe jipya. Straiki, yaani kuangusha pini zote kumi kwa mrusho mmoja, zikifuatana nne hulevya, na mtu aliyelewa hapimi kitu.

Swali ninaloulizwa kuliko yote katika kazi hii ni, "Hili jipya likoje?" Anayeuliza anataka kusikia kwamba linaangusha pini. Lakini tufe lolote huangusha pini likipita mahali pake. Ninachotafuta mimi ni kingine: tufe hili linatumia nguvu zake wapi? Likizimaliza mapema, linafika kwenye pini limechoka na kusukumwa pembeni. Likichelewa mno, linafika bado halijamaliza kugeuka. Kati ya hayo mawili kuna nafasi nyembamba, na kazi ya majaribio ni kuijua nafasi hiyo ya tufe hili, kwa mkono huu, juu ya mafuta haya.

Wengi wetu tuliouonja mchezo huu kwanza Nairobi, pale Village Market, tuliokota tufe la ukumbi lililoingia vidole tukarusha. Tufe lile ni la plastiki ngumu na limetengenezwa liende moja kwa moja. La mchezaji mwenyewe ni kitu kingine kabisa. Ganda lake ni la rezini, ambayo ilienea katika mchezo huu mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kubadilisha kila kitu. Ganda hilo lina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na hufyonza mafuta ya leni. Ndani kuna kiini kizito chenye umbo lisilo duara, kinacholifanya tufe liyumbe kidogo linapozunguka, ili kila mzunguko liguse leni kwa sehemu mpya ya ganda.

Leni nayo ina siri zake. Kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza ni futi 60, yaani mita 18.29, na upana wake umegawanywa mbao 39. Sisi tunaotumia mkono wa kulia huzihesabu kuanzia kulia. Mafuta hayaonekani kwa mbali, na hayapakwi hadi mwisho: katika kumbi nyingi huishia kati ya futi ya 38 na ya 42, tena katikati huwa mengi mara kadhaa kuliko pembeni. Baada ya hapo ni pakavu.

Kwa hiyo safari ya tufe ina hatua tatu. Kwanza linateleza juu ya mafuta. Kisha linapata mshiko na kukata kona. Mwisho linabingirika, likiwa limeacha kuteleza kabisa. Hesabu moja huwasaidia sana wanafunzi wangu: mzingo wa tufe ni karibu sentimita 68, hivyo lingekuwa linabingirika tangu mwanzo, lingezunguka mara 27 hivi kufika kwenye pini. Mimi ninapohesabu katika video ya tufe langu, mizunguko haizidi sana nusu ya hiyo. Sehemu kubwa ya safari ni utelezi. Kona yote tunayoisifia inatokea katika theluthi ya mwisho ya leni.

Sasa turudi Jumanne. Sikuanza na tufe jipya. Nilianza na la zamani, ninalolijua kama mlango wa nyumba yangu, nikalirusha mara kumi mpaka mwili upate moto na macho yazoee. Hilo ndilo rula yangu. Bila tufe la kulinganishia hakuna jaribio, kwa sababu mafuta ya leo si ya jana, joto la ukumbi linabadilika, na mkono wenyewe una siku zake. Kisha nikawa nabadilishana: la zamani mara moja, jipya mara moja, miguu palepale, jicho kwenye mshale uleule wa pili kati ya ile iliyochorwa kwenye leni, ule ulio juu ya ubao wa 10. Kubadilishana huku ni kwa lazima. Ukirusha la zamani mara ishirini halafu jipya mara ishirini, mafuta yatakuwa yameshahama, na utaliandikia tufe sifa ambayo ni ya leni.

Simu ilikuwa imesimama kwenye kigoda nyuma yangu, haijaguswa, ikirekodi kwa mwendo wa polepole. Mafuta ya siku ile yaliishia futi ya 40. Kuna kanuni ya zamani ya wachezaji: chukua urefu wa mafuta kwa futi, toa 31, unapata ubao ambao tufe lipite likiwa mbali kabisa upande wa kulia kabla ya kurudi. Arobaini toa 31 ni ubao wa 9. Si sheria ya Musa, lakini inakupa pa kuanzia.

Tufe la zamani lilifika hapo na kugeuka karibu futi ya 44. Jipya liligeuka futi ya 41, na likamalizia mbao tatu zaidi upande wa kushoto. Maana yake lilipiga pini ya kwanza usoni, mara tano mfululizo, likiniachia mapengo mabaya kati ya pini zilizosimama kila mara. Hapo ndipo ubao wa matokeo uliozimwa unapolipa. Ungekuwa unawaka, ningeanza kusogeza miguu nikitafuta straiki, na vipimo vyangu vingekufa palepale. Lakini kwa jaribio, mirusho ile mitano ilikuwa safi: tufe jipya linashika mapema kwa futi tatu. Niliandika hivyo kwenye daftari.

Baadaye nikasogea, miguu mbao nne kushoto na jicho mbao mbili, nikaanza sehemu ninayoipenda kuliko zote: kukosea kwa makusudi. Nilirusha mbao mbili nje ya lengo, kisha mbao mbili ndani. Kwenye mafuta ya kawaida ya ukumbi, ukikosea nje unaangukia pakavu na tufe linarudi kwa kasi. Ukikosea ndani unaangukia kwenye mafuta mengi na tufe linachelewa. Tufe lenye ganda linalong'aa hukuza tofauti hizo, hivyo siku mkono ukitetereka linakuadhibu. Hili jipya, lililotoka kiwandani limesuguliwa kwa msasa wa 2000 (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi), lilizipunguza. Mirusho ya nje na ya ndani ilifika kwenye pini ikiwa imepishana ubao mmoja au mmoja na nusu tu. Kwa mchezaji wa ligi anayecheza baada ya kutwa nzima kazini, sifa hiyo ina thamani kuliko kona kubwa.

Kila tufe liliporudi nililitazama kabla ya kulifuta. Mafuta huacha pete juu ya ganda, moja kwa kila mzunguko wa utelezi. Pete zikilaliana, tufe linagusa leni kwa sehemu ileile iliyojaa mafuta, na mshiko unapungua. Zikiachana vizuri, kiini kinafanya kazi yake. Za hili zilikuwa zimeachana kwa upana wa kidole, na hakuna iliyopita juu ya tundu. Nilishusha pumzi, maana pete ikipita kwenye tundu utasikia tufe linagonga leni tak-tak-tak, na kosa hilo ni la mtoboaji.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu njia za kurekebisha zimepungua. Zamani tuliweza kutoboa tundu la ziada lisiloingia kidole, ili kuongeza au kupunguza nguvu za kiini. Tangu Agosti 2020, kwa kanuni za shirikisho la Marekani, USBC, tundu hilo haliruhusiwi katika mashindano. Ukikosea mpango wa matundu, unaziba na kutoboa upya, au unabaki na silaha moja tu: msasa.

Pini niliziangalia mwishoni, na hata hapo sikuhesabu zilizoanguka. Niliangalia zilivyoanguka. Katika straiki safi ya mkono wa kulia, tufe lenyewe hugusa pini nne tu: ya 1, ya 3, ya 5 na ya 9. Zilizobaki huangushwa na pini wenzao. Likigusa hizo nne, halikusukumwa pembeni. Wataalamu wa USBC walipofanya utafiti wao walipata kwamba pembe nzuri ya kuingilia ni karibu digrii 6, tufe likiwa juu ya ubao wa 17.5. Tufe la ukumbi linaloenda moja kwa moja haliwezi kuikaribia pembe hiyo, ndiyo maana mtu hupiga palepale panapotakiwa na bado pini zinabaki zimesimama.

Pini ya 10, ile ya nyuma kabisa upande wa kulia, ndiyo shahidi mkubwa. Ikibaki peke yake, tazama ya 6, jirani yake wa mbele, ilikokwenda. Kama ilipita kwa kasi ikizunguka shingo ya 10, tufe lilikuwa na nguvu, mahali pa kugonga tu ndipo palipokosewa kidogo. Kama ya 6 ilijilaza mferejini taratibu, nguvu zilikosekana. Hapo urudi kwenye video uone kwa nini: tufe lilikuwa limeshanyooka zamani, au lilikuwa bado linakata kona? Dalili ni ileile, dawa ni mbili tofauti, na wengi hapa hukosea. Wanaona pini ya 10 imebaki, wanalisugua tufe kwa msasa mkali zaidi, wakati lilikuwa limechoka tayari. Wanazidi kulichosha.

Mchezo wa tatu ulipoisha, mafuta ya mbele yalikuwa yameanza kukauka, na tufe jipya likaanza kulaza pini ya 6 mferejini. Video ilionyesha limenyooka futi kadhaa kabla ya pini. Sikulilaumu. Hapo ndipo mipaka yake ilipo, na kuijua mipaka ya tufe ni nusu ya kulijua.

Watu wengi huishia hapo. Mimi pia niliishia hapo miaka kadhaa iliyopita: nilijaribu tufe usiku mmoja juu ya mafuta mabichi, nikamwambia mteja alinunue bila wasiwasi. Baada ya mwezi alirudi akiwa mnyonge, akaliweka mezani na kusema limekufa. Halikuwa limekufa. Leni zilikuwa zimelilainisha ganda, na mimi sikumwambia kwamba hilo lingetokea. Nililisugua upya bila malipo, nikamwomba radhi, na tangu siku ile hakuna tufe ninalolitolea maoni kabla halijacheza michezo 15.

Kwa hiyo Alhamisi nilicheza na hili jipya, Ijumaa pia, nikilifuta kwa taulo kabla ya kila mrusho kwa sababu mafuta yakiachwa dakika chache yanaingia ndani. Jumanne iliyofuata nilirudi leni zilezile, mafuta yaleyale, tufe la zamani pembeni. Jipya sasa liligeuka futi ya 43. Zile futi tatu za tofauti zilikuwa zimebaki moja. Sikugusa kiini, sikugusa matundu. Niliingia karakanani, nikalisugua kwa msasa wa 2000 pande zote kwa dakika zilezile kila upande, nikarudi: futi ya 41. Nikalisugua tena kwa 4000: futi ya 45, mbele hata ya lile la zamani.

Namba za kiini zilizoandikwa kwenye boksi watu huzibishania sana. USBC inaruhusu RG, kipimo cha jinsi uzito ulivyotawanyika ndani ya tufe, kutoka 2.46 hadi 2.80, na tofauti ya RG kati ya mihimili ya tufe isiyozidi 0.060. Zina maana, sizidharau. RG ndogo huanza kuzunguka kwa wepesi, na tofauti kubwa hutanua zile pete. Lakini kwa karatasi ya msasa ya bei ya chakula cha mchana nimelisogeza tufe lilelile futi nne. Mchezaji asiyejua ganda la tufe lake liko msasa gani leo hajui ana tufe gani mkononi.

Nimeliacha kwenye 3000. Kwa 2000 linachoka mapema mno mkono wangu ukianza kupungua kasi, na kwa 4000 linazipoteza zile fadhila za kusamehe makosa. Liko nafasi ya kwanza kwenye mkoba wangu kwa mafuta mabichi, na mchezo wa tatu ukianza nitalitoa nichukue lile la zamani. Kila michezo kumi nitalirudishia msasa wake.

Jana jioni kijana mmoja wa ligi yetu aliliona mezani akaniuliza, "Kaka, ninunue kama hilo?" Nilimwomba aje Jumamosi na tufe lake la sasa, lolote lile, asilisafishe kwanza. Nataka kuziona pete zake.