Yadi tano za Steve Spurrier

Nafundisha vijana nafasi ya kwotabaki katika futiboli ya Kimarekani, na mtu ninayemtaja kwao mara nyingi ni Steve Spurrier. Kwotabaki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza, akiwa na sekunde chache tu za kuamua ampasie nani kabla mabeki hawajamfikia.

Mwaka 1966, Spurrier akichezea Chuo Kikuu cha Florida, walikuwa 27-27 na Auburn, mechi ikielekea ukingoni. Milingoti ya goli ilikuwa yadi 40. Kupiga kwa mguu haikuwa kazi yake, lakini aliomba mpira, akapiga, ukapita kati ya milingoti: pointi tatu. Florida 30-27! Mwaka huohuo akatwaa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo.

Kwenye ligi ya kulipwa mambo yalikuwa magumu. San Francisco 49ers walimsajili 1967, akasugua benchi kwa miaka nyuma ya John Brodie. Mwaka 1976 alikuwa Tampa Bay Buccaneers, timu iliyofungwa mechi zote 14. Naamini kwa dhati kwamba benchi lile ndilo lililomfunza ukocha: anayekaa nje huuona uwanja wote.

Alirudi Florida kama kocha mwaka 1990, akaleta pasi ndefu pale ambapo wengi walitegemea kukimbia na mpira. Novemba 1996 Florida State, chuo kingine cha jimbo hilo, wakawafunga Florida 24-21. Kwotabaki wake, Danny Wuerffel, aliangushwa mno siku ile. Mara nyingine aliangushwa hata pasi ikiwa imeshatoka mkononi.

Timu hizo zikakutana tena Januari 2, 1997, New Orleans, kugombea ubingwa wa taifa. Kwa kawaida kwotabaki husimama karibu kabisa nyuma ya mchezaji wa kati, yule anayeanzisha mpira, akabidhiwe mpira mkononi, kisha arudi nyuma akitafuta wa kumpasia. Spurrier alimweka Wuerffel yadi kama tano nyuma, mtindo wa shotigani ambao hakuupenda sana. Mpira ukawa unarushwa kumfuata, naye ameshasimama, macho yote kwa mabeki. Alirusha pasi za jumla ya yadi 306, tatu zikazaa tachidauni, yaani mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani. Florida 52, Florida State 20.

Alipojaribu ukocha kwenye NFL, ligi ile ya kulipwa, akiwa na timu ya Washington, 2002 na 2003, alishinda mechi 12 akapoteza 20. Lakini chuoni South Carolina alishinda 11 kila msimu kuanzia 2011 hadi 2013, na kabla ya hapo chuo hicho hakikuwahi kuvuka 10.