Dirisha la ubavuni: vidole vya wapiga bombomu wa B-17

Watu wakitazama picha ya B-17, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu katika Vita Kuu ya Pili, macho hukimbilia injini nne na mkia mrefu. Mimi huwaomba warudi nyuma ya bawa, kwenye dirisha la ubavuni. Dirisha hilo lilibadilishwa tena na tena kwa muda wa miaka kumi hivi, na kila badiliko lilimgusa moja kwa moja mtu aliyesimama nyuma yake na bombomu, yaani bunduki ya rashasha.

Ndege ya kwanza ya jamii hii iliruka Julai 28, 1935. Ubavuni ilikuwa na vibanda vya plastiki angavu vilivyochomoza nje na kuzunguka kama jicho la kinyonga, kila kimoja na bombomu yake. Tatizo lake ni kwamba kila kinachochomoza hukwaruzana na hewa na kuila ndege mwendo. Katika toleo la C, mwaka 1940, vibanda viliondolewa, pakawekwa vidirisha vyenye umbo la tone la maji, vilivyolala sawa na ngozi ya ndege. Waingereza walipewa ndege 20 za toleo hilo, wakazirusha juu sana mwaka 1941, na huko juu bunduki ziliganda.

Toleo la E lilileta dirisha kubwa la mstatili. Hapa fundi anajua ugumu ulipo. Kiwiliwili cha ndege ni ngozi nyembamba ya alumini iliyopigwa ribiti juu ya mbavu za chuma hichohicho chepesi, na ngozi yenyewe hubeba mzigo. Ukikata tundu, nguvu iliyokuwa ikipita pale hulazimika kuzunguka, nayo hujazana kwenye pembe. Ndiyo maana pembe huviringishwa na ukingo wa dirisha huongezewa fremu. B-17 haikujazwa hewa ya shinikizo ndani, hivyo iliwezekana kuiachia uwazi mkubwa kiasi kile.

Lakini uwazi ule ulikuwa wazi kwelikweli. Vitani kifuniko kiliondolewa, bombomu ikatolewa nje, na upepo wa ndege iendayo karibu kilomita 300 kwa saa ukaingia ndani. Kwenye kimo cha mita 7,000 na zaidi juu ya Ujerumani, baridi ilifika nyuzi 40 chini ya sifuri, na pengine ilizidi hapo. Bunduki ikikwama, kijana alishawishika kuvua glavu ili aichokonoe, na ngozi ya vidole ikanata kwenye chuma. Nyama iliyoganda hufa, ikawa kidonda, na wengine walikatwa vidole. Nguo zenye nyaya za umeme za kupasha joto zilikuwepo, ila waya ukikatika joto nalo linakatika. Hata rubani hodari asingeweza kumsaidia aliyesimama pale.

Kulikuwa na kero nyingine. Madirisha mawili yalitazamana, kwa hiyo wapiga bombomu walisimama mgongo kwa mgongo. Mmoja akigeuka kufuata ndege ya adui, kiuno chake kilimpiga mwenzake, sakafu ikiwa imejaa maganda ya risasi na mipira ya oksijeni ikining'inia kati yao.

Toleo la G, lililoingia kazini mwaka 1943, ndilo lililotibu mambo haya, tena si kwa mkupuo. Dirisha lilifunikwa kwa plastiki angavu, na bombomu ikapenyezwa kwenye kishikio kilichofungwa ndani ya fremu, ikizunguka bila kuacha mwanya mkubwa. Baadaye dirisha moja likasogezwa mbele ya mwenzake, kila mtu akapata pake pa kugeukia. Kwa maoni yangu, kusogeza huko ndiko ubunifu mkubwa kuliko yote, maana kunaonyesha kuwa mchoraji alikuwa amewasikiliza waliosimama humo.

B-29 iliyofuata ilijazwa hewa ya shinikizo, na mpigaji alilenga kupitia kuba la plastiki huku bunduki zikiwa mbali naye, zikiongozwa kwa mitambo. Baridi ikaisha. Ila sasa kuba lilisukumwa kutoka ndani na hewa hiyohiyo iliyowapa watu joto. Januari 1945, juu ya Nagoya, moja lilipasuka na mpigaji akafyatuliwa nje. Alining'inia kwenye mikanda yake, angani, hadi wenzake walipomvuta ndani akiwa hai.