Vifuko vya majimaji ndani ya kwatzi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nairobi imekaa juu ya mawe ya volkano. Anayetaka kusoma historia ya miamba geu (iliyobadilishwa na joto na kanieneo) hufuata sampuli Machakos, Kitui au Taita, kwenye Mkanda wa Msumbiji, ukanda wa miamba ya kale uliokunjwa na kupikwa takriban miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita. Huko mishipa myeupe ya kwatzi ni mingi, na ndani yake mna vifuko vya majimaji vyenye upana wa maikromita 5 hadi 20 hivi. Henry Clifton Sorby aliandika kuvihusu mwaka 1858, lakini mpaka leo vinasomwa vibaya.

Dhana: kila kifuko kilifungwa mshipa ulipokuwa ukiota.
Hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko mengine yote. Katika miamba geu, vifuko vingi viliingia baadaye, kwatzi ilipopasuka na ufa ukajiziba. Kabla ya kupima nyuzi hata moja, kaa na hadubini. Anza na ukuzaji mdogo, chora ramani ya bamba zima (kipande chembamba cha jiwe), kisha fuata mistari ya vifuko. Mstari unaovuka mpaka wa punje moja hadi nyingine ni wa ufa uliokuja punje zikiwa zimekamilika. Unaoishia ndani ya punje huenda ni wa ufa uliojiziba punje ikiwa bado inakua.

Kinachopimwa ni joto ambalo kiputo kilichomo ndani ya kifuko hutoweka kikipashwa moto. Pima kwa kundi, si kifuko kimoja kimoja. Vifuko vya mstari mmoja vikitofautiana kwa nyuzi 10 hadi 15 tu, kundi hilo linaaminika. Vikitawanyika kwa nyuzi 80, kuna vilivyovuja, vilivyotanuka, au kifuko kirefu kilichojigawa shingoni baada ya kiputo kutokea, kipande kimoja kikabaki na kiputo na kingine na maji matupu. Wastani wa namba hizo hauna maana yoyote.

Dhana: joto ambalo kiputo hutoweka ndilo joto la mwamba.
Hilo ni joto la chini kabisa linalowezekana, isipokuwa majimaji yalifungwa yakichemka. Mfano: maji yenye chumvi kidogo yakipoteza kiputo kwenye nyuzi 250, na mwamba ulikuwa chini ya kanieneo ya megapaskali 200, yaani kina cha kilomita 7 na nusu hivi, joto halisi lilizidi nyuzi 350. Kifuko peke yake hukupa mstari wa joto na kanieneo, wala si nukta. Nukta huipata kwa ushahidi mwingine, kama vile madini yaliyoota pamoja na mshipa.

Dhana: fundi yeyote wa mawe anaweza kukata sampuli.
Grenda kavu hupasha jiwe joto na kupasua vifuko, hasa vikubwa. Kata polepole kwa msumeno wa almasi unaomwagiwa maji. Ng'arisha pande zote mbili mpaka bamba libaki na unene wa maikromita 100 hivi; bamba nene likiwa na ukungu, mwanga haupiti. Tumia gundi inayoshika bila moto na inayoyeyuka kwa asetoni, kwa sababu bamba lazima libanduliwe kwenye kioo.

Gandisha kwanza, pasha moto baadaye, maana kifuko kilichopasuka hakipimwi tena. Barafu ikikaribia kuyeyuka, pandisha joto kwa nusu nyuzi kwa dakika. Ikiyeyuka kwenye −3.5, chumvi ni karibu asilimia 5.7. Lakini kukiwa na kaboni dioksaidi, usitumie barafu: gesi hiyo hushika sehemu ya maji katika fuwele zake, na chumvi itaonekana nyingi kuliko ilivyo. Soma fuwele hizo zinapoyeyuka. Kwenye nyuzi 8, kaboni dioksaidi ikiwa bado ni kimiminika na gesi pamoja, chumvi ni karibu asilimia 4. Kaboni dioksaidi yenyewe ikiyeyuka chini ya −56.6, imechanganyika na gesi nyingine, mara nyingi methani au nitrojeni.

Dhana: mwinuko wa Nairobi huvuruga vipimo.
Maji ya sufuria hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo usisahihishe kipimajoto kwa maji yanayochemka. Kifuko kimefungwa na kina kanieneo yake. Sahihisha kwa vifuko vilivyotengenezwa maabara, ambavyo nyuzi zake zinajulikana: −56.6, 0.0 na 374.1.

Dhana: kwatzi ni chupa isiyovuja, kwa hiyo hutunza kilele cha joto.
Mwamba unapopanda kutoka kina kirefu, kanieneo ya nje hushuka kuliko ya ndani, na vifuko hutanuka au kupasuka. Kwatzi ikijiunda upya, maji yanaweza kutoroka na kuacha kaboni dioksaidi peke yake, na msomaji akadhani majimaji ya awali yalikuwa makavu. Ndiyo maana mshipa wa Kitui au Taita mara nyingi husimulia safari ya mwamba kupanda na kupoa, huku kilele chenyewe kikitafutwa kwenye garneti na madini jirani.