Kushughulikia jibu la seva kwa masharti: maana yake

Ni kuuliza kwanza seva imejibu nini, ndipo uamue ukurasa ufanye nini. Katika JavaScript, `fetch` hutuma ombi bila kusimamisha ukurasa na kukupa ahadi (Promise), yaani kitu kinachoshika nafasi ya jibu. Jibu lenyewe huja baadaye. Kwa hiyo masharti hukaa ndani ya `then` au baada ya `await`. `if` iliyo nje ya hapo huendeshwa jibu likiwa bado njiani.

Wengi huteleza kwenye jambo moja: kwa `fetch`, namba za hali kama 404 (haikupatikana) na 500 (hitilafu ya seva) si makosa. Mradi seva imejibu, hata kama imekataa, ahadi hutimia. Ahadi huvunjika pale tu jibu linapokosekana: mtandao umekatika, ombi limesitishwa, au kivinjari kimezuia ombi la kwenda kikoa kingine. Hali nyingine zote ni juu yako kuzikagua, ndani ya kitendaji cha `async`:

```
const jibu = await fetch("/api/oda");
if (jibu.status === 204) return null;
if (jibu.status === 401) return onyeshaFomu();
if (!jibu.ok) throw new Error("Hali " + jibu.status);
return await jibu.json();
```

Mpangilio huo una sababu. `ok` ni kweli kwa 200 hadi 299, na 204 imo humo ingawa haina maudhui. Ukiipeleka kwenye `json()`, inayosoma maudhui kama data ya JSON, itatupa kosa. Nayo 401 (mtumiaji hajaingia) ikiwekwa chini ya `!jibu.ok` haitafikiwa kamwe. Ile `await` ya mwisho inaonekana ya ziada, lakini ukizungushia `try` bila hiyo, kosa la `json()` litaiponyoka `catch` yako.

Mtego mbaya zaidi ni 200 ya uongo. Muda wa mtumiaji ukiisha, seva nyingi huelekeza ombi kwenye ukurasa wa kuingia. `Fetch` hufuata yenyewe na kukuletea HTML yenye hali 200. `ok` inapita, kisha `json()` inakwama kwenye alama ya `<`. Kagua `jibu.headers.get("content-type")` kabla ya kusoma. Usijaribu `json()` kisha `text()`: maudhui husomwa mara moja tu, labda uwe umetangulia kutumia `clone()`.

Kurudia ombi kuna maana kwa 429 (maombi mengi mno) na 503 (seva haipatikani kwa muda), baada ya muda uliotajwa na kichwa cha jibu `Retry-After` kama upo. Kwa 422 (data haikubaliki) hakuna maana: data ileile itakataliwa tena.